Williamson wa Mwadui

Wako ndugu zetu wa Visiwani, na hata watumishi wa Serikali, wanaoamini kwamba faida ndiyo mzazi wa elimu. Sisi wa Nyahanga, Kahama, tulio mkoa mmoja na Mwadui, tuna sababu ya kusita.

Dakta John Williamson alizaliwa Quebec, Canada, mwaka 1907, akasomea elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill. Kampuni iliyomwajiri Tanganyika ilipoona msako wa almasi hauleti faida, iliachana nao. Yeye hakuacha. Kwa homa na madeni aliendelea kufuata dalili za miamba porini, hata mwaka 1940 akalifikia chimbuko lenyewe pale Mwadui, lenye upana wa hekta zipatazo 146.

Hapo ndipo mabepari walipomkumbuka. De Beers, waliolishika soko la almasi duniani, walitaka kumpangia kiasi cha kuuza. Naye akazuia mawe yake akigombea masharti. Tusimpambe mno: naye alikuwa mfanyabiashara, na mitambo yake ilinunuliwa kwa faida hiyohiyo.

Alifariki Januari 1958. Mwaka uleule warithi wake waliuza mgodi, ukawa wa De Beers na Serikali ya kikoloni, nusu kwa nusu.