Tippu Tip na njia ya Kwihara
Ukifika kwenye tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utasimuliwa habari za Livingstone. Mimi humkumbuka Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip. Baba yake alimuoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Mwarabu wa Unguja akawa mkwe wa Unyanyembe. Mtoto naye akapata mali kwa mkopo wa Taria Topan, tajiri wa Kihindi. Ukwe ule, mkopo ule na wapagazi wa Kinyamwezi vilimfikisha Manyema, na Uislamu na Kiswahili vikakita mizizi Kasongo hadi leo. Alifariki Unguja mwaka 1905. Lakini tusifiche: njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa, na wajukuu wao tunaswali nao safu moja.