Faraday: Mtoto wa mhunzi aliyevumbua jenereta

MICHAEL Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, pembezoni mwa London, Uingereza, akiwa mtoto wa mhunzi maskini. Akiwa na umri wa miaka 14 alianza kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akawa akivisoma.

Mwaka 1813 mwanakemia Humphry Davy alimwajiri kuwa msaidizi wa maabara. Mwaka 1821 aliuzungusha waya kwa nguvu za umeme na sumaku, akatuhumiwa kuiba wazo la William Wollaston.

Tuhuma hizo hazikumkatisha tamaa. Mwaka 1831 aligundua kwamba sumaku inayosogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme.

Alikataa cheo cha heshima cha Sir, akafariki Agosti 25, 1867. Kwa kanuni yake, maji ya mto Pangani, chini ya Usambara, yalianza kuzalisha umeme Hale mwaka 1964.