Mfahamu John Walter Gregory, Aliyeeleza Namna Bonde la Ufa Lilivyoshuka

Tetemeko la ardhi la Agosti 12, 2020, ambalo kitovu chake kilikuwa baharini kusini-mashariki mwa Dar es Salaam, lilihisiwa katika sehemu nyingi za jiji. Kwa mkazi wa Magomeni, aliye mbali na kuta za Bonde la Ufa, lilikuwa ukumbusho kwamba miamba iliyo chini ya Afrika Mashariki haijatulia. Miongoni mwa waliotangulia kueleza mwendo wa miamba hiyo ni mjiolojia John Walter Gregory.

Gregory alizaliwa London Januari 27, 1864. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akawa karani katika biashara ya sufu. Sayansi aliisoma jioni baada ya kazi, na mwaka 1887 akaajiriwa na Makumbusho ya Uingereza upande wa jiolojia.

Mwishoni mwa mwaka 1892 alifika pwani ya Afrika Mashariki na msafara mkubwa, ambao ulisambaratika mapema. Hakurejea kwao. Aliunda msafara mdogo wa wapagazi wapatao 40, na mwaka 1893 akaondoka Mombasa kuelekea Ziwa Baringo na Mlima Kenya. Mizigo yote ilipita mabegani mwa wapagazi hao, hivyo ugunduzi uliofuata una jasho lao.

Swali lake lilikuwa moja: je, bonde hili lilichimbwa na maji? Baada ya kuchunguza miamba ya sakafu na ya kingo za bonde, alihitimisha kuwa sivyo. Ardhi ilivutwa pande mbili, ikapasuka kwa nyufa zinazokwenda sambamba, na kipande cha katikati kikadidimia. Maelezo hayo aliyachapisha mwaka 1896 katika kitabu kilichoeneza duniani jina la Bonde Kuu la Ufa.

Wataalamu hutambua aina tatu kuu za nyufa za miamba. Ardhi inapovutwa, upande mmoja huteremka kwa kufuata mteremko wa ufa. Hii ndiyo aina inayotawala Bonde la Ufa. Ardhi inapobanwa, upande mmoja husukumwa juu ya mwingine, kama katika milima ya Himalaya. Aina ya tatu ni pande mbili kupishana kwa ulalo, kama ilivyo California nchini Marekani. Katika aina zote, miamba hukwama kwa miaka mingi huku nguvu ikijikusanya. Inapoachia ghafla, tetemeko hutokea.

Hoja ya Gregory haikukubaliwa na wote. Mjiolojia wa Marekani, Bailey Willis, alitetea katika miaka ya 1930 kuwa bonde lilitokana na ardhi kubanwa. Vipimo vya matetemeko na vya setilaiti vya miaka ya baadaye vimeonesha kuwa ardhi inavutwa, kwa kasi ya milimita chache kwa mwaka.

Ushahidi upo hapa nchini. Abiria anayepanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu hupanda ukuta wa ufa ulio magharibi mwa Ziwa Manyara. Katika ukanda wa Rukwa, tetemeko la Desemba 13, 1910 lilikadiriwa kuwa na ukubwa unaozidi 7.

Gregory alifundisha Melbourne, kisha Glasgow kuanzia mwaka 1904 hadi 1929, na alirejea Afrika Mashariki mwaka 1919 kukamilisha utafiti wake. Juni 2, 1932, akiwa na umri wa miaka 68, alizama katika mto Urubamba nchini Peru baada ya mtumbwi kupinduka, akiwa katika safari ya kuchunguza milima ya Andes. Tawi la mashariki la Bonde la Ufa, linaloingia kaskazini mwa Tanzania, huitwa kwa jina lake.

Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku wala saa ya tetemeko lijalo. Kinachowezekana ni kujua nyufa zilipo na mwendo wake, kazi ambayo nchini hufanywa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, na kujenga kwa kuzingatia ushauri wa wahandisi. Kwa mitaa kama Magomeni, ambako maghorofa yanachukua nafasi ya nyumba za chini, elimu hiyo ni kinga ya maisha.