Maisha ya Karl Landsteiner, Mpambanuzi wa Damu

Hapo kale wazee wetu walikuwa na desturi ya kuchanjiana. Watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjana, wakaonjana damu, na tangu siku ile wakawa ndugu. Nilipohadithiwa habari hiyo hapa Misigiri nikiwa mdogo, nilidhani kwamba damu ya ndugu wa tumbo moja haiwezi kamwe kumkataa nduguye. Leo nataka kuwaeleza maisha ya mtu aliyenitoa katika kosa hilo.

Karl Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni, 1868, karibu na mji wa Vienna, nchi ya Austria. Baba yake, mwandishi wa magazeti, alifariki mtoto akiwa na miaka 6 tu, akalelewa na mama yake. Alisoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, akahitimu mwaka 1891. Lakini moyo wake ulipenda kuchunguza, basi akaenda Ujerumani na Uswisi kujiongezea elimu ya kemia.

Siku zile kumtia mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa kama kucheza kamari. Huyu alipona, yule alikufa, wala sababu haikujulikana. Landsteiner alitwaa damu yake mwenyewe na za wenzake wa kazini, akatenga maji ya damu na chembe nyekundu, kisha akachanganya za huyu na za yule. Nyingine zilipatana, nyingine chembe zake ziligandamana mabonge. Mwaka 1901 akatangaza makundi matatu, ambayo leo twayaita A, B na O. Mwaka 1902 wenzake wakaona la nne, AB. Ndipo watu walipopata njia ya kujua mapema damu ipi itampatana mgonjwa.

Baada ya vita ya 1914–1918 maisha ya Vienna yalikuwa ya dhiki. Bwana huyu akahamia Uholanzi, kisha New York, Marekani. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel, na katika hotuba yake alieleza kwamba watu hutofautiana hata katika tishu za miili yao. Mwezi Juni, 1943, alishikwa na ugonjwa wa moyo akiwa kazini katika maabara, akafariki tarehe 26, umri wake miaka 75.

Njia aliyoifungua haikuishia hapo. Mwaka 1958 Jean Dausset wa Ufaransa alieleza alama ya kwanza ya tishu iliyo katika chembe nyeupe za damu. Alama hizo ndizo zitazamwazo leo mgonjwa apandikizwapo uloto, yaani tishu laini ya ndani ya mfupa yenye seli shina zinazozaa damu. Nusu ya alama twarithi kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo kila ndugu wa baba na mama mmoja ana bahati 1 tu katika 4 ya kulingana nawe kabisa. Asiyepata ndugu hutafutiwa mgeni. Katika daftari za dunia wamejiandikisha watu zaidi ya milioni 40, lakini Waafrika ni wachache, na kwa sababu hiyo mgonjwa wa kwetu hupata shida kumpata mwenzi wake.

Nayaandika haya kwa kuwa mdogo wangu wa kike ana selimundu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo. Mimi sijapimwa bado. Zamani ningesema bila shaka kwamba wangu utamfaa; sasa najua kuwa mapenzi hayatoshi, hapana budi kupima.

Wenzangu wa kidato cha nne, umri wa kutoa damu katika nchi yetu ni miaka 18. Mimi ninayo 17. Mwakani nitakwenda kutoa, nanyi nawaomba mje, maana huenda yupo mgonjwa asiyetujua ambaye damu zetu zinapatana na yake.