Johann Ludwig Krapf: Mwanasarufi Asiyekuwa na Uhuru wa Kubuni

Mtunzi wa lugha ya kubuni ana uhuru mkubwa. J. R. R. Tolkien, alipotunga lugha ya Quenya, aliweza kuifuta leo kanuni aliyoiweka jana. Johann Ludwig Krapf hakuwa na uhuru huo. Sarufi aliyoiandika ilikuwa tayari vinywani mwa watu.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, Ujerumani. Baada ya kuhudumu Uhabeshi akiwa mmisionari, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi Julai mwaka huohuo homa ilimwua mkewe, Rosine, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga akafuata. Krapf hakurejea kwao. Katika mwaka huo wa msiba alitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo Rabai, miongoni mwa Wamijikenda.

Lugha za Ulaya zilikuwa zimemzoesha nomino za jinsia ya kiume na ya kike. Pwani alikuta nomino zinazobadilika mwanzoni, na sentensi nzima ikizifuata. Kiswahili kina mtu na watu. Kigiriama, kinachosemwa Marafa, kina mutu na atu, muhi na mihi, yaani mti na miti. Mtoto wa Marafa hujua upatanisho huo kabla hajaingia darasani. Mgeni ndiye aliyepaswa kusikiliza.

Mwaka 1850 Krapf alichapisha huko Tübingen muhtasari wa sarufi ya Kiswahili, akikihusisha na Kinyika. Alitumia hati za Kirumi, ingawa Waswahili walikwishaandika kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu. Jina Kinyika, yaani lugha ya watu wa nyikani, hakulibuni yeye, ila kitabu chake kililipa uzito. Chini yake Kigiriama na lugha ndugu zake zilifunikwa pamoja, hadi wenyewe walipojiita Wamijikenda.

Krapf alifariki Korntal mwaka 1881, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Kimvita alichokitumikia hakikufanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja. Ni dhahiri kwamba mwanasarufi huchagua jina, hati na lahaja, na uchaguzi huo huweza kutenguliwa. Mutu na atu havikuhitaji idhini yake, na Marafa vingali vinasemwa.