Gary Kildall: Mwalimu Aliyefunikwa na Majina

Ukiuliza darasani nani alianzisha mfumo endeshi wa kompyuta ndogo, wengi watakujibu Bill Gates. Hapo ndipo majina yanapotuchanganya.

Gary Kildall alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1942. Familia yake ilikuwa na shule ya ubaharia, na yeye alifundisha hapo kabla ya kwenda kusoma kompyuta Chuo Kikuu cha Washington. Baadaye akawa mwalimu katika chuo cha jeshi la majini kule Monterey, California. Mwaka 1974 akatengeneza CP/M, mfumo endeshi uliokuja kuziwezesha kompyuta za kampuni mbalimbali kutumia programu zilezile. Yeye na mkewe Dorothy wakafungua kampuni, wakaiita Intergalactic Digital Research, kisha wakalifupisha jina likabaki Digital Research.

Sasa fuatilia vizuri. Mwaka 1980 Tim Paterson wa Seattle Computer Products aliandika mfumo uliofuata mpangilio wa CP/M. Akauita QDOS, jina lililokiri kwamba kazi ilifanyika harakaharaka, bora liende. Ukabatizwa upya, 86-DOS. Mwaka 1981 Microsoft ikaununua, ukawa MS-DOS. IBM nayo ikauuza na kompyuta yake kwa jina la PC DOS. Yaani mtoto mmoja, majina manne, na hakuna hata moja linalomtaja Kildall.

Kildall alilalamika, IBM ikakubali kuuza na mfumo wake, CP/M-86. Ila bei sasa! PC DOS dola 40, CP/M-86 dola 240. Wanunuzi wakachukua ya bei rahisi. Mwaka 1988 kampuni yake ikarudi sokoni na DR DOS. Mwaka 1991 Novell ikainunua kampuni yenyewe, na baadaye mfumo ukaitwa Novell DOS. Hata zile herufi mbili za Digital Research zikafutwa.

Alifariki Monterey, Julai 1994, akiwa na miaka 52.

Sisi tunaosomea ualimu ndio tutakaofundisha TEHAMA huko mashuleni. Tukiishia kukaririsha jina lililoandikwa kwenye boksi, tutakuwa tumefundisha biashara, si historia. Mwanafunzi akisoma MS-DOS, aambiwe pia iliitwaje kabla ya hapo, na ilifuata nyayo za mwalimu gani.