Paul von Lettow-Vorbeck

Paul Emil von Lettow-Vorbeck (20 Machi 1870 – 9 Machi 1964) alikuwa jenerali wa Ujerumani aliyeongoza jeshi la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Sura yake ilitumiwa kwenye mabango ya kuhamasisha Wajerumani.

Maisha ya awali

Alizaliwa Saarlouis katika familia ya wanajeshi. Alitumikia China, halafu Namibia ya leo wakati wa vita dhidi ya Waherero na Wanama. Alifika Dar es Salaam mnamo Januari 1914.

Mapigano ya Tanga

Gavana Heinrich Schnee alitaka miji ya pwani isiingizwe vitani, lakini Lettow-Vorbeck alikuwa na nia ya kupigana. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza waliteremsha Tanga askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi. Yeye alileta kikosi chake kwa reli ya Usambara. Akiwa na watu 1,000 hivi, wengi wao askari Waafrika, aliwashinda, akateka bunduki na risasi nyingi. Nyuki waliovurugwa wakati wa mapigano waliwauma watu wa pande zote mbili.

Bango na hali halisi

Ushindi wa Tanga ulimpa sifa kubwa Ujerumani. Mnamo 1918 mchoraji Fritz Grotemeyer alitengeneza bango la kukusanya michango kwa ajili ya wanajeshi wa makoloni. Lilimwonyesha jenerali juu ya farasi, na askari Waafrika nyuma yake. Kwa njia hiyo vita vya mbali vilionekana kuwa vya ushujaa na uaminifu.

Bango halikuonyesha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi, wala vijiji vilivyonyang'anywa chakula na kuachwa na njaa. Raia na wapagazi waliokufa hukadiriwa kuwa mamia ya maelfu.

Baada ya vita

Alisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn (leo Mbala, Zambia), baada ya kupata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Mwaka 1919 alipokewa Berlin kwa gwaride kama shujaa asiyeshindwa. Askari wake Waafrika walibaki wakidai mishahara yao. Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa waliokuwa bado hai mwaka 1964, mwaka aliofariki yeye mjini Hamburg.